Maji ya bahari kwenye tangi la nyumbani: samaki wangu wamekufa, nibadilishe maji au nibadilishe njia?

Swali: "Ninaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mwezi wa nne nilinunua tangi la kioo la lita 200 nikitaka kufuga samaki wa baharini. Maji nilichota mwenyewe ufukweni kwa madumu, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Bahari ilikuwa imekupwa, nikaingia hadi magotini. Madumu niliyafunga nikayaacha kibarazani siku mbili ili mchanga utuame, kisha nikamimina, nikawasha pampu, na siku hiyo hiyo nikaweka samaki watano wadogo wa matumbawe niliowanunua. Kesho yake maji yakawa na ukungu. Siku ya nne wote walikuwa wamekufa. Rafiki mmoja ananiambia maji ya bahari lazima yachemshwe. Mwingine anasema hayafai kabisa, niagize chumvi maalumu kutoka nje, au nitie chumvi ya mezani kwenye maji ya bomba. Mimi nilidhani maji ya asili ndiyo bora kwa kuwa samaki wanatoka humo humo. Na maji yakipungua tangini, niongeze ya bahari au ya bomba? Nisaidie kabla sijapoteza wengine."

Pole sana. Kupoteza samaki watano kwa siku nne kunauma, hasa ukikumbuka kazi ya kubeba yale madumu.

Naona unauliza mambo mawili kwa pamoja: kama maji ya bahari ndiyo yaliyowaua, na kama uachane nayo. Jibu langu ni kwamba uendelee kuyatumia. Unachohitaji kubadilisha ni mahali na saa ya kuchota, namna ya kuyahifadhi, na zaidi ya yote kulipa tangi muda wa kukomaa kabla ya kuingiza samaki hata mmoja. Ungenunua chumvi ghali kuliko zote, ukaikoroga na kuweka samaki watano siku ile ile, naamini ungewapoteza vilevile.

Ulipodhani kwamba maji ya asili ni bora, hukukosea kwa upande wa madini. Kilo moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi gramu 35 hivi, na chumvi hiyo ni ya aina nyingi. Sodiamu na kloridi ndizo zinazotawala, lakini kila lita ina pia magnesiamu kama miligramu 1,300, kalsiamu zaidi kidogo ya 400, potasiamu karibu 400, salfeti, bromidi, bikaboneti inayozuia pH (kipimo cha kama maji ni ya tindikali au la) isiyumbe, na madini mengine kwa viwango vidogo mno. Kampuni zinazouza chumvi za akwaria zinahangaika kuiga mchanganyiko huu, na wewe unao umbali mfupi kutoka nyumbani. Ndiyo maana hiyo chumvi ya mezani uisahau kabisa. Hiyo ni sodiamu kloridi, ikiongezewa iodini kwa afya ya watu na mara nyingi kitu cha kuizuia isigandamane. Ukiikoroga mpaka kipimo kisome sawasawa na bahari, samaki bado atakuwa kwenye maji yasiyo na magnesiamu, kalsiamu wala kinga ya pH.

Kuchemsha nako hakutakusaidia. Mvuke unapotoka chumvi inabaki, kwa hiyo maji yanazidi ukali. Kalsiamu na bikaboneti zinashikana na kutuama kama ile chokaa inayoganda ndani ya birika, na hapo umeondoa sehemu ya kile kilichokuvutia kwenye maji haya. Hewa ya oksijeni nayo inatoka. Halafu fikiria gesi au mkaa wa kuchemsha lita 200.

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukiielewa mengine utayaamua mwenyewe.

Maji ya bahari ni hai. Mililita moja tu ya maji ya juu huwa na bakteria kuanzia laki kadhaa hadi milioni, mbali na planktoni, yaani mimea na wanyama wadogo wanaoelea, mayai na viluwiluwi vya viumbe wengine. Baharini viumbe hawa wana mwanga, wana mwendo wa maji, na taka zao zinasambaa kwenye eneo lisilo na ukuta. Zipo akwaria kubwa za maonyesho zinazotumia maji haya bila shida. Monterey Bay Aquarium ya California, iliyofunguliwa mwaka 1984, huvuta maji moja kwa moja kutoka kwenye ghuba iliyo mbele yake. Mchana huyachuja ili wageni waone vizuri, na usiku huyaacha yaingie bila kuchujwa ili viumbe wapate planktoni za kula. Lakini kule maji mapya yanaingia na ya zamani yanatoka saa zote. Kwako yameingia mara moja na yamebaki.

Tazama basi kilichotokea ndani ya dumu lililofungwa kibarazani. Mwanga ulipungua, planktoni zikaanza kufa. Bakteria wakazila, wakaongezeka, wakatumia oksijeni. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hata yakiwa na hewa kamili hubeba oksijeni miligramu 6 na kidogo tu kwa lita, kwa hiyo akiba ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Kila kinachooza hutoa amonia. Siku mbili kwenye joto la Dar es Salaam zinatosha kabisa kwa jambo hilo kuanza. Ukamimina maji hayo kwenye tangi jipya, ukaongeza samaki watano ambao nao hutoa amonia kwa matamvua yao kila dakika, na pengine chakula ambacho hawakukimaliza. Ukungu uliouona kesho yake ni bakteria waliofumuka kwa kupata chakula kingi ghafla.

Amonia ina sura mbili majini, moja sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na uwiano wake unafuata pH na joto. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.2. Kwa joto lile lile, sehemu ya amonia iliyo katika sura ya sumu huwa karibu mara kumi ya ile inayopatikana kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye pH 7. Mtu aliyezoea kufuga samaki wa maji baridi anaweza kuponea kosa ambalo baharini halisameheki. Bila vipimo vya siku zile siwezi kukuapia, lakini tangi jipya, ukungu siku ya pili na vifo vya wote kufikia siku ya nne ni picha ninayoihusisha na amonia kabla ya kitu kingine chochote.

Wengi hupinga hapa na kuniambia kwamba maji ya bahari yanakuja na bakteria wake, kwa hiyo tangi halihitaji kusubiri. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitraiti kuwa nitreti isiyo na ukali, huishi hasa wakiwa wameshikilia kitu: jiwe, mchanga, sponji ya chujio. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Maji ya bahari yanaleta mbegu, lakini kundi la kutosha huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Katika muda huo tangi linafanya kazi bila samaki. Unatia kipande kidogo cha kamba mbichi kioze, unapima amonia na nitraiti kila baada ya siku chache, utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitraiti nayo ikipanda na kushuka. Zote mbili zikisoma sifuri, na ukiongeza chakula kidogo zikabaki sifuri, tangi limekomaa. Kifaa cha kupima amonia kinunue kabla hujanunua samaki mwingine.

Nikirudi kwenye kuchota: ulichagua mahali, saa na msimu vibaya kwa mkupuo mmoja. Pwani ya kuanzia Msasani hadi Kunduchi inapokea mito midogo na mifereji ya jiji: Mlalakuwa upande wa Kawe, Mto Mbezi, Mto Tegeta, na kusini zaidi Msimbazi unaomwaga karibu na Daraja la Selander. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, zinasomba kila kitu kilicholala mitaani: maji ya makaro, mafuta ya magari, sabuni, dawa za bustani. Maji baridi ya mito ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hutandaa juu juu, pale pale unapozamisha dumu. Na bahari inapokupwa, yale yaliyoingia mitoni na kwenye mikoko ndiyo yanayotoka, huku ukanda wa magotini ukichanganya tope na mchanga. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yako yalikuwa na chumvi pungufu na uchafu wa jiji juu yake.

Chota bahari inapokuwa imejaa au inamalizia kujaa, kwa sababu hapo maji yanatoka nje kuja kwako. Siku za maji mafu, yaani kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, bamvua la maji makubwa likiwa limepita, mkondo hauna nguvu nyingi na tope linatulia. Baada ya mvua kubwa subiri wiki nzima bila mvua nyingine. Kaa mbali na bandari na Feri, kwa sababu rangi zinazopakwa vyombo ili visiote makome mara nyingi zina shaba, na shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe hata kama samaki atavumilia. Ukiona bahari ina michirizi au utando wa rangi ya kahawia juu yake, jambo linalotokea zaidi msimu wa kaskazi pale vijimea vinavyoelea vinapozaliana kwa wingi, geuza urudi nyumbani na madumu matupu.

Kama unaweza kufika Kigamboni, upande unaotazama bahari kuu, mbali na mlango wa bandari, Mjimwema na kuendelea kusini, ningependelea huko. Mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo maji ya kule kwa kawaida yanafika kabla hayajapita mbele ya jiji. Ukikosa, patana na wenye boti wa Kunduchi wakuchotee nje, mashine ikiwa imezimwa, upande wa omo, yaani mbele ya boti, ambako mafuta ya injini hayajafika. Dumu lizamishwe likiwa limefungwa, lifunguliwe chini ya maji kwa kina cha mkono, kwa sababu mafuta na takataka nyingi hukaa kwenye uso. Madumu yawe mapya au yaliyokuwa na maji ya kunywa. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dizeli au dawa ya shamba halisafishiki kwa kazi hii, hata ulisugue vipi.

Jambo moja ambalo hukuliuliza lakini lazima niliseme: chukua maji, usichukue jiwe wala kiumbe. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, yanalindwa chini ya sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari. Matumbawe magumu yote yamo pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Muuzaji akikupa "mawe ya bahari" au samaki, muulize vimetoka wapi na kibali kiko wapi.

Maji yakifika nyumbani, yapitishe kwanza kwenye kitambaa safi cha marikani kuondoa mchanga na majani, kisha kwenye chujio la maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lile la uzi linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji. Chujio hilo linazuia planktoni nyingi na pia vimelea wanaoogelea wa ugonjwa wa madoa meupe, ugonjwa unaoua samaki wengi wa baharini majumbani. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ndiyo ninayokushauri wewe. Nunua simtanki dogo jeusi lenye mfuniko, liweke kivulini, jaza maji yaliyochujwa, weka pampu ya hewa ifanye kazi mfululizo, na uyaache gizani wiki tatu hadi nne. Planktoni zilizobaki zitakufa na kuoza humo, zikiwa mbali na samaki wako, na amonia itatoka kisha itaisha. Vimelea wanaohitaji samaki ili waishi watakosa wa kumshika. Taka zitatuama chini. Utachota ya juu bila kutikisa, utapima amonia, ikiwa sifuri unatumia. Simtanki la lita 500 linakutosha muda mrefu, kwa sababu tangi la lita 200 lililokomaa linahitaji kubadilishiwa kama lita 20 kwa wiki, yaani dumu moja. Unaweza kulijaza Februari na kupita masika yote bila kugusa bahari.

Ya pili ni klorini, nayo ni ya mtu aliye makini. Jiki isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita 100 za maji zinakupa klorini miligramu 10 hivi kwa lita. Unaacha saa 24 pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha unaimaliza kwa sodiamu thiosalfeti, gramu 7 kwa kiasi hicho cha maji, na unapima kwa vipimo vya bwawa la kuogelea mpaka visome sifuri. Usitegemee pua yako. Maji ya bahari yana bromidi, klorini ikikutana nayo inaunda sumu za bromini zinazoua samaki hata harufu ikiwa hafifu, kwa hiyo pitisha pia kwenye mkaa amilifu, ule uliotengenezwa kunasa sumu majini, kabla ya kutumia. Fanya kazi hii nje, mbali na watoto, na usichanganye jiki na siki au dawa yoyote ya choo. Faida yake ni kwamba unapata maji tayari kwa siku mbili. Hasara ni kwamba kosa moja la kipimo linaua tangi zima, na haiondoi shaba wala mafuta. Hakuna usafishaji wa nyumbani unaookoa maji yaliyochotwa mahali pabaya.

Kuhusu maji yanayopungua: ongeza maji yasiyo na chumvi, kila siku. Kinachoruka hewani ni maji matupu, chumvi inabaki tangini. Hebu tupige hesabu. Tangi lako lina chumvi kama kilo 7. Likipoteza lita mbili kwa siku, nawe ukazirudisha kwa maji ya bahari, kwa mwezi umeongeza lita 60 zenye chumvi zaidi ya kilo 2. Kutoka gramu 35 utakuwa umefika 45, na hutaona tofauti yoyote kwa macho. Weka alama kwenye kioo, jaza hadi hapo. Maji ya bomba yana klorini, yatumie baada ya kuiondoa. Maji ya kunywa ya dukani yaliyochujwa ni salama zaidi. Kisima cha Mbezi usikitumie, kwani vingi karibu na pwani vina chumvichumvi na nitreti. Mvua ya kwenye bati nayo huja na zinki. Chumvi ipime kwa refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa mwanga unaopita kwenye tone la maji; ile haidromita ya mkono, inayopima kwa kuelea, inadanganya kirahisi ikishikwa na povu.

Chumvi ya kununua ina nafasi yake, nisiidharau. Inakupa maji yale yale kila wiki, haina vimelea, na anayeishi Dodoma au Mwanza hana njia nyingine. Kama lengo lako baadaye ni matumbawe, ambayo hayavumilii shaba wala kuyumba kwa maji, ningekwambia uitegemee miezi ya masika hata kama uko pwani. Kwa samaki peke yao, ukiwa Mbezi Beach na simtanki kivulini, sioni sababu ya kubeba gharama hiyo mwaka mzima. Weka mfuko mmoja wa dharura, tosha.

Kuna mambo ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma maelezo yangu. Ukipoteza samaki tena huku amonia na nitraiti zikisoma sifuri na chumvi ikiwa sawa, au ukihisi mafuta kwenye maji, chukua sampuli kwenye chupa safi, pamoja na samaki aliyekufa punde akiwa kwenye barafu, upeleke kwa wataalamu. Kunduchi iko jirani yako: kuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayofundisha sayansi za bahari na uvuvi. Samaki mwenye madoa meupe au anayehema kwa kasi juu ya maji usimtie dawa ya kubahatisha, nyingi zina shaba na zitabaki kwenye mawe yako. Na wewe mwenyewe, usitumbukize mkono wenye kidonda tangini. Maji ya bahari yana bakteria wanaoingia kwenye majeraha. Kidonda kikivimba na kuuma haraka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipele kisichopona kwa wiki kadhaa kwenye kidole nacho kionyeshe daktari, na umwambie unafuga samaki wa baharini, kwa sababu bila habari hiyo anaweza kutibu kitu kingine.

Kwa tangi lililopo sasa, toa maji yote, kwa kuwa siyaamini yalikotoka. Mchanga na mawe usiyaoshe kwa maji ya bomba, suuza kwa maji mazuri ya bahari ili bakteria walioanza kushika wasife. Jaza maji mapya yaliyochujwa, weka kile kipande cha kamba, washa pampu na chujio, uanze kupima. Maji yaliyochujwa leo yanaweza kutumika kwa hatua hii bila kusubiri simtanki, kwa kuwa hakuna samaki wa kudhurika. Tangi likikomaa, anza na samaki mmoja mdogo, mlishe kidogo mara moja kwa siku, upime amonia kila asubuhi kwa wiki mbili. Ikibaki sifuri muda wote huo, mlete wa pili.